Kitenzi Kilichotoka Zizini

Ukimkunjia mzee wa miaka 60 mkono wa shati, mara nyingi utaona kovu chini kidogo ya bega. Ni la mviringo, limebonyea katikati, ngozi yake imekuwa laini kuliko ngozi inayolizunguka, na ukubwa wake ni kama wa kifungo cha koti. Ni kovu la chanjo ya ndui. Vijana wana kovu lao la chanjo ya kifua kikuu, lakini hili la ndui hawana, kwa sababu ndui yenyewe haipo tena duniani.

Kiswahili hakikwenda mbali kutafuta neno la tendo lililoacha kovu hilo. Mtu aliyepasua kuni alikuwa akichanja. Mganga aliyekata ngozi kwa wembe ili asugue dawa ndani ya damu alikuwa akichanja chale. Basi tabibu alipokuja na kisu chake kidogo, akakwaruza mkono na kupaka dawa, watu wakasema walichokiona: anachanja. Waingereza, kwa tendo hilohilo, husema “vaccinate”. Ndani ya neno lao hamna kisu wala sindano, na dawa pia haimo. Mna ng'ombe. Walatini ng'ombe jike walimwita “vacca”, na kama sisi tungeunda kitenzi kwa njia yao tungesema daktari amemng'ombesha mtoto. Hadithi yangu ni ya namna ng'ombe huyo alivyoingia katika msamiati wa matabibu, na namna alivyobaki humo hata baada ya kazi yake kwisha.

Tuanze na ugonjwa, maana kizazi cha leo hakiujui. Ndui ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo. Baada ya siku mbili tatu upele ulitoka kinywani na usoni, ukashuka mikononi na miguuni, ukajaa maji, kisha usaha, malengelenge magumu kama punje zilizofukiwa chini ya ngozi. Katika aina yake kali, watu watatu kati ya kila kumi walioipata walikufa. Waliopona walibaki na uso wenye mashimo, na wengine walipofuka. Katika karne ya 20 peke yake, karne iliyokuwa tayari na kinga, watu wanaokadiriwa kufika milioni 300 walikufa kwa ndui. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani yetu kwenda bara katika karne ya 19 iliibeba njiani, na mpagazi aliyeugua aliweza kuachwa porini.

Jambo moja lilijulikana tangu kale katika nchi nyingi: ndui haimrudii mtu. Aliyewahi kuipata aliweza kumuuguza mgonjwa bila hofu. Kutokana na hilo watu walibuni njia ya kuthubutu mno, ya kumtia mzima ndui kwa makusudi, kidogo, kwa wakati waliouchagua wenyewe, ili augue kwa wepesi na aepukane nayo maisha yote. Wachina walipuliza unga wa magamba ya vidonda puani. Wahindi na Waturuki walitoboa ngozi. Huko Sudani, mama alikwenda nyumba yenye mgonjwa “kununua ndui”, akafunga kitambaa cha pamba kwenye mkono wa mtoto anayeugua, akapatana bei ya malengelenge na mama mwenzake, kisha akakichukua kitambaa hicho na kumfunga mwanawe.

Waingereza walipoijua njia hii mwanzoni mwa karne ya 18, walihitaji kuipa jina, wakaliazima shambani. Kilatini kilikuwa na kitenzi cha wakulima, “inoculare”, chenye neno jicho ndani yake. Ni jicho la mmea, lile ambalo sisi pia huliita jicho kwenye kiazi, mahali pa kuchipukia. Mkulima hulikata jicho la mchungwa mzuri, akapasua gome la mti mwingine, akalipachika humo. Watanzania wengi hukuita huko kubebesha. Tabibu naye alipasua ngozi akapachika usaha wa ndui, na hapo neno “inoculate” likahama kutoka bustanini hadi mkononi mwa mtu. Nalipenda neno hili. Aliyelihamisha alikuwa ametazama vizuri.

Wawili waliolifanya neno hilo litamkwe sana hawakuwa matabibu. Wa kwanza alikuwa Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza mjini Istanbul. Ndui ilikuwa imemuua kaka yake, na yeye mwenyewe ikamwachia makovu usoni na kumng'oa kope. Mwaka 1717 aliandika barua nyumbani akisimulia jinsi vikongwe wa huko walivyozunguka majumbani, joto la kiangazi likishapungua, wakiwa na usaha wa ndui ndani ya ganda la kokwa na sindano mkononi. Mwaka 1718 akamfanyia mwanawe wa kiume hukohuko, na mwaka 1721, London ikiwa na mlipuko, akamfanyia binti yake mbele ya macho ya madaktari.

Wa pili alikuwa mtumwa. Mwaka 1706 waumini wa kanisa moja la Boston, Marekani, walimnunulia mchungaji wao Cotton Mather mtu kutoka Afrika Magharibi, na mchungaji akampa jina Onesimo, la yule mtumwa wa waraka wa Paulo kwa Filemoni. Mather alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Akajibu ndiyo na hapana, kisha akaonyesha kovu mkononi na kueleza jinsi walivyofanya kwao: tone la usaha, mkato, na kinga ya maisha. Mather aliyaandika hayo mwaka 1716 katika barua kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, tabibu Zabdiel Boylston alikubali kuijaribu njia ile, akaanza na mwanawe mwenyewe wa miaka sita. Mji uliwaka hasira. Bomu lilirushwa dirishani kwa Mather, kwa bahati halikulipuka. Ugonjwa ulipokwisha hesabu ikafanywa. Watu wapatao 5,800 walikuwa wameupata kwa njia ya kawaida na 844 wakafa, yaani karibu mmoja kati ya saba. Kati ya takriban 240 waliochanjwa na Boylston walikufa sita, mmoja kati ya arobaini.

Mmoja kati ya arobaini si mchezo. Aliyetiwa ndui kwa njia hii alikuwa na ndui ya kweli, na aliweza kumwambukiza jirani ikamuua. Na matabibu wa Uingereza waliigeuza kazi ya sindano moja ya kikongwe kuwa mateso ya wiki kadhaa. Mtoto Edward Jenner, aliyezaliwa mwaka 1749 Berkeley katika jimbo la Gloucestershire, alipitishwa humo akiwa na miaka minane. Walimshindisha njaa, wakamtoa damu, wakamnywesha dawa za kuharisha, wakamfungia bandani pamoja na wenzake mpaka ugonjwa ulipoisha. Hakuyasahau mateso hayo.

Gloucestershire ni nchi ya malisho na jibini, na humo wakamuaji walikuwa na ugonjwa wao. Ng'ombe wakati mwingine walitoka vidonda kwenye chuchu, na mkamuaji aliyekuwa na mchubuko kidoleni akapata malengelenge machache mikononi, homa ya siku mbili, basi. Waliuita ndui ya ng'ombe. Na wakamuaji walisema waziwazi kwamba aliyeupata haogopi tena ndui ya watu. Mkulima mmoja wa Dorset, Benjamin Jesty, alisadiki kiasi kwamba mwaka 1774 alimpeleka mkewe na wanawe wawili malishoni, akachukua usaha kwenye chuchu za ng'ombe na kuwatia mikononi kwa sindano ya kufumia soksi. Majirani walimwona mnyama. Hakuandika kitabu, na neno lolote alilolitumia kwa tendo lile lilizikwa naye.

Jenner yeye aliandika. Alikuwa amesoma London kwa John Hunter, daktari wa upasuaji aliyewafundisha wanafunzi wake kutokubali dhana bila kuijaribu, kisha akarudi kijijini akawa tabibu wa wakulima. Mwezi Mei 1796 ng'ombe aitwaye Blossom alikuwa na vidonda. Mkamuaji wake, msichana Sarah Nelmes, alikuwa amechomwa na mwiba mkononi, na pale mwiba ulipopita lengelenge kubwa likatokea. Tarehe 14 Mei Jenner alimwita James Phipps, mtoto wa miaka minane, umri uleule aliokuwa nao yeye alipofungiwa bandani. Baba wa mtoto alikuwa kibarua asiye na ardhi, aliyetunza bustani ya tabibu. Jenner akachanja mikato miwili mkononi, mifupi, karibu sentimita moja na robo kila mmoja, akatia maji ya lengelenge la Sarah.

Siku ya saba mtoto alilalamika kwapani. Siku ya tisa akahisi baridi, chakula hakikumwingia, kichwa kikamuuma kidogo, usiku hakulala vizuri. Kesho yake alikuwa mzima. Tarehe 1 Julai Jenner akamtia ndui ya kweli, kwa njia ya zamani, na kungoja. Hakuna lililotokea. Baba wa James hakuwa mtu wa kumkatalia tajiri wake, na kwa sheria za leo daktari anayefanya hivyo angeishia mahakamani. Ni haki kulisema hilo palepale tunapolisifu tokeo. Phipps aliishi mpaka utu uzima, Jenner akampa nyumba asiyoilipia kodi, na Jenner alipozikwa mwaka 1823 Phipps alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza kaburini.

Royal Society haikutaka kuichapisha taarifa yake. Mwaka 1798 Jenner akaitoa mwenyewe, kitabu chembamba chenye maelezo ya watu 23 na picha za rangi, moja ikiwa ya mkono wa Sarah na malengelenge yake. Kwa Kiingereza ugonjwa ulikuwa na jina lake la zizini. Lakini kitabu cha tabibu wa siku zile kilihitaji Kilatini, kama sisi tunavyosema “saratani” mbele ya daktari hata kama nyumbani tuna neno jingine. Basi kwenye jalada Jenner akauita ugonjwa “variolae vaccinae”, yaani ndui za ng'ombe.

Tazama maneno hayo mawili, kwa sababu hapa ndipo kitenzi kilipotungwa mimba. “Variolae” ni ndui, nomino, lile neno zito. “Vaccinae” ni kivumishi tu: za ng'ombe. Kwa mwaka mmoja miwili watu walisema kwa urefu, kwamba fulani ametiwa ndui za ng'ombe kwa njia ya “inoculation”. Mwaka 1800 rafiki yake Jenner, tabibu Richard Dunning wa Plymouth, alichapisha kijitabu na humo akafupisha yote kwa neno moja jipya: “vaccination”. Alikiacha nje kile cha kutisha, ndui, akachukua kile kivumishi kidogo na kukipa mwisho wa nomino. Miaka michache baadaye kitenzi “vaccinate” kikawa kinywani mwa watu, kimechongwa kutoka kwenye nomino hiyo. Kwetu mambo huenda kinyume. Kitenzi ndicho mzazi, kuchanja, nacho huzaa chanjo na mchanjaji. Kwa Kiingereza mtoto alitangulia, mzazi akafuata.

Neno hilo lilikuwa na kazi ya kufanya, nayo ilikuwa kutenganisha. Aliyefanyiwa lile la zamani alitiwa ugonjwa wa kuua, na aliyefanyiwa hili alitiwa ugonjwa wa wakamuaji. Kama yote yangeendelea kuitwa kwa neno moja, mama angejuaje tabibu amembebea nini mwanawe? Mwaka 1840 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku lile la zamani na kutoa hili jipya bure kwa maskini, na sheria isingeandikika bila maneno mawili.

Lakini wako waliolisikia neno kama lilivyo. Kama daktari anamtia mtu ung'ombe, mtu huyo atakuwa nini? Mwaka 1802 mchoraji James Gillray alichapa picha ya Jenner akichanja umati wa watu, na kutoka katika mikono, mapua na makalio yao vinachomoza ving'ombe vidogo. Ukiitazama leo, utakumbuka uvumi tuliousikia wenyewe mwaka 2021 watu walipokuwa wakiulizana kama wamechanjwa Korona. Hofu ya kutiwa mwilini kitu kisicho cha binadamu ni ya kale kama neno lenyewe, na katika Kiingereza imo ndani ya neno.

Chanjo ilisafiri kwa mikono ya watoto. Hapakuwa na jokofu, na maji ya lengelenge yalikufa joto likizidi. Mwaka 1803 daktari Francisco Javier de Balmis aliondoka bandari ya La Coruña, Hispania, na watoto yatima 22 na mlezi wao Isabel Zendal. Kila baada ya siku tisa au kumi aliwachanja watoto wawili kutoka kwenye malengelenge ya waliotangulia, mkono kwa mkono, mpaka ng'ambo ya Atlantiki. Ng'ombe alibaki Ulaya. Kilichovuka bahari kilikuwa lengelenge kwenye mkono wa yatima, na neno.

Mtu aliyemtoa ng'ombe ndani ya kitenzi kwa kukusudia alikuwa mwanasayansi Louis Pasteur. Mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort nchini Ufaransa, aliwachoma sindano kondoo 24 kwa vijidudu vya kimeta alivyovidhoofisha maabara, akawaacha wengine 24 bila kinga, kisha akawatia wote kimeta kikali. Watu walipokuja kutazama tarehe 2 Juni, wale wasiokingwa walikuwa wamekufa au wanakata roho, na waliokingwa walisimama wanakula. Tendo hilo liitweje? Hapakuwa na ndui, na usaha wa ng'ombe haukutumika. Mwezi Agosti mwaka huohuo, kwenye mkutano wa madaktari wa dunia uliofanyika London, Pasteur aliomba neno lipanuliwe, kila kinga ya namna hii iitwe “vaccination”, kwa heshima ya Jenner. Mfaransa akiwa nchini Uingereza, akimpa Mwingereza aliyekufa miaka 58 nyuma heshima ambayo angeweza kuichukua yeye. Naliona ni tendo la ungwana kuliko yote katika hadithi hii.

Na kuhusu ng'ombe kuna jambo jingine. Mwaka 1939 mtafiti Allan Downie alionyesha kwamba virusi vilivyokuwa vikitumika katika chanjo ya ndui si vilevile vya ndui ya ng'ombe. Mwaka 2017 wanasayansi walisoma chembe za urithi za chanjo iliyotengenezwa Marekani mwaka 1902, wakakuta zinakaribiana mno na ndui ya farasi. Jenner mwenyewe aliamini ugonjwa ule huanzia miguuni mwa farasi, ukaletwa kwenye chuchu za ng'ombe kwa mikono ya watu wanaohudumia wanyama wote wawili. Walimcheka. Huenda basi kwa muda mrefu watu walikuwa wakifarasishwa, na kitenzi kikiendelea kumtaja ng'ombe.

Kazi ya kuimaliza ndui ilifanyika kwa kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani. Ni sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo, iliyobuniwa na Benjamin Rubin miaka ya 1960. Unaichovya kwenye dawa, tone moja linanasa katikati ya ncha. Unaishika wima na kuchoma ngozi ya bega mara 15 haraka, mahali pamoja, mpaka kidoa cha damu kijitokeze. Mtu asiyejua kusoma alifundishwa kwa dakika chache. Kuanzia mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani liliipeleka vijijini, na badala ya kumchanja kila mtu, wachanjaji walimtafuta kila mgonjwa na kuwazungushia kinga wote waliokuwa karibu naye.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alipatikana katika ufuo wetu huu wa Bahari ya Hindi, Merka, kusini mwa Mogadishu. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mwenye miaka 23, alipanda gari mwezi Oktoba 1977 kuwaelekeza njia wagonjwa wawili wa ndui waliokuwa wakipelekwa kambi ya kutengwa. Safari ya dakika chache. Tarehe 26 upele ukamtoka. Alikuwa amewahi kuwa kibarua wa kampeni ileile ya chanjo, lakini mwenyewe hakuwa na kinga; baadaye alieleza kwamba aliiogopa sindano. Zaidi ya watu 50,000 walichanjwa kumzunguka katika wiki mbili. Alipona, na hakumwambukiza mtu. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Maalin aliendelea kuishi Merka, na uzeeni kidogo alijitolea katika kampeni ya polio, akizunguka kwa wazazi wanaosita na kuwasimulia woga wake ulimfanyia nini. Chanjo aliyoihubiri ilikuwa matone mawili kwenye ulimi wa mtoto. Hakuna ngozi iliyokatwa wala kuni iliyopasuliwa, na bado mama wa Mombasa au Tanga hurudi nyumbani akasema mtoto amechanjwa. Neno letu limekipoteza kisu kama la Waingereza lilivyompoteza ng'ombe, na hakuna anayeona pengo.

Maalin alikufa tarehe 22 Julai 2013, akiwa katika kazi hiyohiyo ya polio, kwa malaria. Wakati huo chanjo ya kwanza ya malaria ilikuwa bado ikijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na kwingineko Afrika. Mwezi Septemba 2019 ilianza kutolewa katika kliniki za Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Ni sindano ya kawaida, na protini iliyomo hukuzwa ndani ya hamira, ya jamii ileile inayoumusha unga wa mandazi. Kwa Kiingereza muuguzi husema mtoto amekuwa “vaccinated”. Kwa Kiswahili humwambia mama: tayari, tumemchanja.